Video ya wimbo kwa simu moja na siku moja

Mdogo wangu, umeuliza kama simu moja na Jumamosi moja vinatosha kushuti video ya wimbo wa darasa lenu. Vinatosha, ila msitoke na kamera kabla wimbo haujakamilika studio. Mkibadilisha hata kasi ya mdundo baadaye, midomo haitaendana na sauti.

Siku ya kushuti bebeni spika yenye sauti kubwa. Mwimbaji aimbe kwelikweli, kwa nguvu, mishipa ya shingo ionekane. Akichezesha midomo tu, mtazamaji anamshtukia mara moja. Rekodini wimbo mzima mwanzo hadi mwisho, mara mbili au tatu kwa kila eneo, ndipo mfuate vipande vya mikono, viatu na marafiki wakicheza. Hapo mhariri atakuwa na pa kukimbilia.

Mkitaka mwendo wa polepole huku midomo ikifuata maneno, chezeni wimbo kwa kasi maradufu na rekodini fremu (picha) 60 kwa sekunde, kisha kwenye kuhariri punguzeni kasi ya video iwe nusu, yaani fremu 30 kwa sekunde. Mwimbaji afanye mazoezi kwanza, maana ulimi utamteleza!

Jua la saa sita mchana huchimba vivuli machoni. Kwa Dar, anzeni saa moja asubuhi, pumzikeni, mrudi saa kumi na moja jioni. Ruhusa ya kutumia maeneo ya chuo ombeni kwa barua, mapema. Na simu iwekwe hali ya ndege, la sivyo shangazi atapiga katikati ya kiitikio.