Pinboli ya nyumbani: vitufe vya ubavuni kwanza

Wengi wanaotaka kujitengenezea mashine ya pinboli ya kompyuta, mchezo wa kuupiga mpira mdogo usidondoke chini ya meza, huanza kuulizia skrini kubwa na kompyuta yenye nguvu. Mimi nakushauri uanze na vitufe viwili vya ubavuni, vile vinavyoinua flipa, yaani vile vijiti viwili vinavyoupiga mpira. Utamu wote wa mchezo uko hapo, na hapa Lamu ndipo chumvi ya bahari inapoanzia kula.

Kabla ya kutoboa, simama mbele ya sanduku la mashine, lishike huku na huku, ufumbe macho. Kidole kinapotua chenyewe, hapo ndipo pa tundu. Waombe na wa nyumbani wajaribu, maana mikono haifanani. Vitufe vingi vya michezo hutaka tundu la milimita 28 au 30. Ubao ukiwa wa milimita 18, nati ya kitufe kifupi huenda isishike, hivyo upunguzwe unene kwa ndani. Fundi wangu wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, mchonga milango, alipachimba kwa patasi taratibu mpaka kitufe kikakaa bila kuyumba hata chembe.

Nyuma ya kila kitufe huwa na swichi. Inayolia "tik" yafaa kitufe cha kuanzishia mchezo. Kwa flipa tafuta ile ya bapa mbili za chuma zinazogusana. Haina kelele, na kidole huhisi hasa pale bapa zinapokutana, kwa hiyo unagusa na kuachia upesi, au unashikilia mpira utulie juu ya flipa. Tazama sana ncha za mguso. Zilizotoka kwenye mashine kongwe mara nyingi ni za tangsteni, metali ngumu, kwa sababu zilipitisha umeme mwingi wa koili, ile sumaku ya umeme iliyoinua flipa; kwenye saketi ya volti 5 zitakusumbua. Chukua zenye dhahabu.

Nyaya hazina shida: mmoja wa pamoja unapita vitufe vyote, na kila kitufe kina wake wa kwenda kwenye saketi ambayo kompyuta huiona kama kibodi. Kwenye Visual Pinball, programu ya kuchezea pinboli kwenye kompyuta, flipa ni Shift ya kushoto na ya kulia, na Enter hurusha mpira.

Sasa chumvi. Shaba hugeuka kijani hata ndani ya ganda la waya. Lehemu kila kiungo, kisha ukivalishe mrija wa plastiki unaosinyaa kwa moto. Ncha za mguso usizipake grisi. Zikianza kukwama, weka ukanda wa karatasi safi katikati, bana bapa kidogo, vuta. Msasa usiutumie kabisa: utaikwangua dhahabu yote, na swichi itakuwa ya kutupa.