Jibu: 75% ya pembetatu zina urari, je, mtandao una urari?

Mkuu, umesema una mtandao wa watu 60, viungo vya urafiki umevipa alama chanya na vya uhasama hasi, ukahesabu pembetatu (watu watatu ambao kila mmoja ana kiungo na wenzake wawili) ukakuta 75% zina urari. Unauliza kama inatosha kuandika kwamba mtandao una urari. Haitoshi, na kwanza ungetuambia viungo hasi ni asilimia ngapi, maana hapo ndipo jibu lilipo.

Pembetatu ina urari pale zao la alama zake tatu linapokuwa chanya: zote chanya, au moja chanya na mbili hasi. Sasa tawanya alama hizo ovyo juu ya viungo vilevile. Sehemu ya viungo hasi ikiwa q, pembetatu zenye urari zitakuwa kwa wastani (1 + (1 − 2q)³) / 2. Weka q = 0.1, unapata 0.756. Yaani kama uhasama ni 10% ya viungo, hiyo 75% yako inapatikana kwa nasibu tupu. Weka q = 0.3, unapata 0.532, na hapo 75% ina uzito. Ndiyo maana asilimia ya pembetatu ikitajwa peke yake mimi siiamini.

Kwa hiyo changanya alama mara 1,000 hivi bila kuhamisha viungo, kisha angalia namba yako imeangukia wapi. Angalizo: wapo watu wachache wanaochukiwa na wengi, na uchanganyaji wa jumla unafuta jambo hilo. Ukitaka kulihifadhi, tafuta duara la watu wanne ambalo alama zake zinapishana (+ − + −), zigeuze zote nne kwa pamoja, rudia mara nyingi. Kila mtu anabaki na idadi yake ileile ya marafiki na mahasimu.

Tatizo la pili ni kwamba pembetatu hazioni miduara mirefu. Chukua watu wanne kwenye duara, viungo vitatu chanya na kimoja hasi. Pembetatu hakuna hata moja, na bado duara halina urari, maana zao la alama zake ni hasi. Mwanahisabati Frank Harary alithibitisha mwaka 1953 kwamba mtandao una urari kamili pale tu unapogawika makundi mawili (moja laweza kuwa tupu), chanya ndani ya kundi na hasi kati ya makundi. Basi pima umbali wa kufika huko: idadi ndogo kabisa ya viungo ambavyo ukivigeuza alama, urari unakamilika. Hiyo ni fahirisi ya mkinzano, L. Haizidi nusu ya viungo vyote m, hivyo 1 − 2L/m inakupa kipimo cha 0 hadi 1.

Kuikokotoa: kila mtu mpe x ya 0 au 1 (kundi lake), kila kiungo kati ya watu i na j mpe f (1 kikivunja urari, 0 kisipovunja). Kiungo chanya: f ≥ xi − xj na f ≥ xj − xi. Kiungo hasi: f ≥ xi + xj − 1 na f ≥ 1 − xi − xj. Punguza jumla ya f. Mwenye viungo vingi kuliko wote mfunge kwenye x = 1, la sivyo programu inapoteza muda kukagua kila mgawanyo mara mbili. Kwa watu 60 HiGHS, programu ya bure ya kutatua hesabu za aina hii, kwa kawaida inatosha. Ukitumia njia ya kubahatisha na kuboresha, unachopata ni kikomo cha juu cha L, kiandike hivyo.

Jipime kwa data ya mwanaanthropolojia Read ya mwaka 1954, makabila 16 ya nyanda za juu za New Guinea: viungo 58, nusu chanya nusu hasi. L lazima itoke 7, kipimo kiwe 0.76. Ukiruhusu makundi matatu, kama mwanasosholojia Davis alivyopendekeza mwaka 1967, makosa (viungo vinavyokiuka mgawanyo) yanashuka hadi 2, yote ya kabila la Masilakidzuha, wenye marafiki kwenye kundi jingine. Kwa hiyo jaribu makundi matatu au manne kabla ya kuulaumu mtandao.

Kuhusu data: kukosekana kwa kiungo si uhasama, usikipe hasi. Na A akimtaja B rafiki huku B akimtaja A hasimu, usichukue wastani. Kokotoa mara mbili, mara moja jozi hizo zikiwa chanya na mara moja zikiwa hasi, utoe L zote mbili.