Pevingi za Nyumbani: Weupe, Utelezi na Swali la Sila

Masika yamepita, na maswali mengi niliyoletewa safari hii ni ya pevingi, yaani tofali za saruji za kutandaza uwanjani, au kabro kama wanavyoziita Wakenya. Sila ni dawa inayopakwa juu yake kuzikinga na maji na madoa. Nimejibu yale yanayowagusa wengi.

Shikamoo fundi. Pevingi zangu zina miezi miwili tu tangu zitandazwe, na zimeshatoka unga mweupe. Muuzaji anasema nipake sila haraka rangi irudi. Nipake? (Msomaji, Kigamboni)

Marahaba. Usipake kwanza. Unga huo ni chokaa inayotoka ndani ya tofali lenyewe. Saruji inapokomaa hutoa chokaa, maji yanayopenya kwenye vitundu vya tofali huiyeyusha na kuipandisha juu, kisha yakikauka huiacha pale. Ikikutana na hewa ya ukaa inagandamana na kuwa weupe huo unaouona. Tofali si bovu, na fundi wako hakukuibia saruji.

Hatari ni kupaka sila sasa hivi. Weupe utafungiwa chini ya utando, na kuutoa itabidi ubandue sila yote kwa kiyeyushi. Chukua brashi ngumu ya plastiki, sugua pevingi zikiwa kavu, zoa ule unga ukautupe nje ya uwanja. Ukianza na maji, sehemu ya unga inarudi ndani. Usitumie brashi ya waya wa chuma, kwa sababu vipande vyake hubaki na kuacha madoa ya kutu. Weupe mkaidi ujaribu kwa siki iliyochanganywa na maji, kwanza kwenye kona isiyoonekana, halafu suuza sana. Asidi ya betri iache kabisa: inakula saruji, rangi inaondoka na kokoto zinabaki wazi.

Halafu chunguza maji yanatoka wapi. Weupe unaorudi mahali palepale kila mara huwa na chanzo chake, kama bomba linalovuja chini au tuta la maua linalomwagiliwa kila jioni huku limeegemea pevingi.

Kabro za nyuma, chini ya mwembe, zimeota ukijani na mama mkwe nusura aanguke. Nichanganye Jiki na asidi ya choo ili ifanye kazi haraka? (Msomaji, Mombasa)

Usichanganye, tafadhali sana, hata kidogo na hata ukiwa nje. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Mtoto akiwa karibu ni msiba.

Kwangua ukijani kwa koleo bapa, fagia, kisha tumia Jiki peke yake: kikombe kimoja kwa vikombe vinne au vitano vya maji. Acha kama dakika kumi na tano, sugua, suuza. Vaa glavu na viatu, funga kuku, na mwagilia maua ya pembeni maji safi kabla na baada. Ila kivuli na unyevu vikibaki, ukijani utarudi. Punguza matawi jua lifike, zoa majani kila siku, na hakikisha maji ya mvua yana pa kwenda. Mpaka hapo, mama apitie njia nyingine.

Vijana wa kuosha magari wameosha pevingi zangu kwa mashine ya presha. Zinang'aa, lakini sasa zinacheza nikizikanyaga. (Msomaji, Arusha)

Mashine imetoa mchanga uliokuwa kati ya tofali na tofali. Mchanga ule ndio unaozikaza zibebane. Ukikosekana, kila tofali linabeba gari peke yake, kingo zinagongana na kumeguka. Usisubiri mvua nyingine. Acha pakauke kabisa, mwaga mchanga laini mkavu uliochekechwa, ufagie kwa mshazari mpaka mianya ijae, gongagonga kwa nyundo ya mpira, jazia tena. Mchanga wa ufukweni haufai. Chumvi yake italeta weupe mwingine.

Safari ijayo mwambie kijana atumie mdomo unaotawanya maji, aulaze, na asiusogeze karibu zaidi ya sentimita 30. Sehemu zilizozama na kutuamisha maji ni habari nyingine: hapo tatizo liko kwenye kifusi cha chini, na dawa ni kung'oa, kushindilia upya na kurudishia.

Gari limevuja oili, na maji ya kisima yameacha wekundu. (Msomaji, Dodoma)

Oili mbichi usiifute, inasambaa. Mwagia maranda au mchanga mkavu, acha inyonye, zoa. Doa la zamani lipake uji mzito wa sabuni ya unga na maji ya moto, funika kwa nailoni usiku kucha, sugua asubuhi, rudia. Likigoma, ng'oa tofali hilo ubadilishane na lililo chini ya chungu cha maua. Huo ndio uzuri wa pevingi kuliko zege.

Wekundu wa kisima ni kutu ya chuma. Jiki haiutoi. Jaribu maji ya limau kwenye kona, uyaache kidogo, usuuze vizuri.

Sila ni ya lazima? Na ipi? (Msomaji, Tanga)

Si lazima. Pevingi zilizoshindiliwa vizuri zinadumu miaka mingi bila sila. Inasaidia pale panapomwagika oili na mafuta ya kupikia, na kwa anayetaka kutunza rangi.

Ziko za aina mbili kubwa. Ya akriliki hutengeneza utando, inang'arisha na kukoleza rangi, lakini ikilowa inateleza na jua letu linaichosha mapema. Ya kupenya, yenye saileni au siloksani, haibadilishi sura. Inazuia maji yasinywewe. Kwenye nyumba yenye wazee au watoto wanaokimbia mimi nachagua ya kupenya.

Subiri weupe uishe, osha, rudishia mchanga, kisha acha jua likaushe siku mbili au zaidi. Bandika kipande cha nailoni usiku. Asubuhi ukikuta matone chini yake, bado. Paka mikono miwili myembamba asubuhi au jioni, si jua la saa saba. Chagua majira makavu, si wakati wa vuli wala masika. Akriliki iliyopakwa juu ya unyevu hugeuka ukungu wa maziwa.

Fundi anasema tupake dizeli zing'ae. (Msomaji, Mwanza)

Mkatalie. Inateleza, inaacha doa, sila haitashika tena juu yake, na mvua ikinyesha inateremka kwenye udongo, hatimaye kisimani kwako au kwa jirani.