Sensa ya chumba cha baridi kusoma joto la juu kuliko lilivyo

Fundi, umesema sensa ya PT100 kwenye chumba cha sangara inaonyesha -15 ilhali kipimajoto cha mkononi kinasoma -18. Usiitupe kwanza, angalia waya.

Ndani ya PT100 kuna platinamu yenye ukinzani (kiasi cha kuzuia umeme) wa omu 100 kwenye nyuzi 0. Kila nyuzi moja ikipanda, ukinzani huongezeka kama omu 0.39, kwenye -18 utapata karibu omu 93. Sasa, ukivuta waya mbili tu za shaba za milimita za mraba 0.75 kwa umbali wa mita 25, kwenda na kurudi zinaongeza kama omu 1.2. Kidhibiti, kile kifaa kinachosoma sensa na kuwasha ubaridi, hakijui kuwa hizo ni za waya, kinazihesabu kuwa joto. Ndizo nyuzi zako 3! Compressor nayo (mashine ya kusukuma gesi ya ubaridi) inafanya kazi kupita kiasi na bili ya umeme inapanda bure.

Funga sensa yenye waya tatu, kidhibiti kiutoe ukinzani wa waya chenyewe. Kisha izamishe kwenye barafu iliyosagwa yenye maji, koroga vizuri. Lazima isome 0. Barafu hapa Mwanza hatukosi.

Kuhusu taa za mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, zinazowaka na kuzima ovyo jioni: sensa ya mwanga inaona mwanga wa taa yake yenyewe. Igeuze itazame angani.