Maswali ya Wasomaji: Sayari haionekani, waliijuaje?

SWALI: Mwaka 1995 ilitangazwa sayari kubwa inayoizunguka nyota 51 Pegasi kwa siku nne tu. Hakuna aliyeiona. Walijuaje kwamba ipo?

JIBU: Walichopima ni nyota yenyewe. Sayari inapoizunguka nyota huivuta, na nyota nayo huyumba: mara inatukaribia, mara inatuondokea. Ikikaribia, mistari myeusi iliyomo katika spektra (mtandazo wa rangi) ya mwanga wake husogea upande wa buluu. Ikienda mbali, upande wa nyekundu.

Wanaastronomia Michel Mayor na Didier Queloz waliifuatilia mistari hiyo kwa spektrografu (chombo cha kutawanya mwanga katika rangi zake) ya ELODIE, iliyofungwa kwenye darubini ya mita 1.93 huko Haute-Provence, Ufaransa. Kasi ya nyota ilipanda na kushuka kwa takriban mita 56 kwa sekunde kila upande wa wastani, ikijirudia kila siku 4.23. Chombo kilikuwa na kosa la mita 13 hivi kwa sekunde. Mshtarii hulitikisa Jua kwa mita 12.5 tu kwa sekunde, tena kwa mzunguko wa karibu miaka 12. Kwa chombo kile mtikisiko huo usingeonekana. Hii ndiyo sababu majitu ya sayari yaliyo karibu na nyota zao yalitangulia kugunduliwa, ingawa kwa kweli ni machache.

Tahadhari mbili. Kwa kuwa hatujui mzingo umeinama kiasi gani, kipimo hiki hutoa tu uzito wa chini kabisa unaowezekana: kwa sayari hii, karibu nusu ya Mshtarii. Pili, madoa ya nyota au mapigo yake yanaweza kuiga sayari. Hapo huchunguzwa umbo la mistari: likibadilika sambamba na kasi, shuku nyota kwanza.

SWALI: Nina darubini ya sentimita 20. Naweza kuona chochote?

JIBU: Ndiyo, ukiwa na kamera ya CCD (kamera ya kidijitali ya kupimia mwanga) na mtambo wa kufuata nyota. Jaribu nyota HD 189733: kila siku 2.22 sayari yake hupita mbele yake (huo ndio mpito) kwa karibu saa mbili, na mwanga hupungua kama asilimia 2.4. Jioni za Agosti na Septemba, Afrika Mashariki huiona juu vya kutosha upande wa kaskazini. Anza kupiga picha saa nzima kabla ya mpito, endelea saa nzima baada yake. Vuruga fokasi kidogo ili pikseli zisijae, kisha linganisha mwanga na nyota jirani zilizo katika picha hiyohiyo. Chagua zenye rangi inayokaribiana nayo: nyota ikiteremka, hewa hutawanya buluu zaidi ya nyekundu, na tofauti hiyo hukuchorea mpito wa uongo.