Usimpe mama vidonge vya kaka yako

Weka hiyo pakiti chini kwanza, ndipo usome.

Mleta uzi, umeandika kwamba mama yako ana miaka 66, hapati usingizi tangu mzee afariki, na kaka yako amekuachia amitriptilini (dawa ya sonona inayoleta pia usingizi) za miligramu 25 ambazo "zilimsaidia sana". Unauliza umpe viwili au vitatu. Ukauliza pia kama binti yako wa kidato cha nne anaweza kutumia hizo hizo, na kumuona daktari ni shilingi ngapi. Nimesoma chai ikanipoea mkononi. Huo uzi ningeuandika mimi mwaka 2019, tofauti ni kwamba wewe uko Kasulu na mimi niko Ujiji.

Mimi nauza dagaa. Sina cheti cha chochote zaidi ya leseni ya pikipiki iliyokwisha muda. Lakini hili nimelilipia.

Mama alikuwa na miaka 69. Mdogo wangu, bodaboda wa miaka 27, alikuwa anameza amitriptilini tatu kila usiku. Hospitali walimwanzishia kimoja, wiki zikapita, wakampa viwili, hadi akafika vitatu. Mimi nikaona vitatu tu, hizo wiki sikuziona. Zilipobaki nikapita duka la dawa kuuliza (silitaji, mwenyewe akisoma hapa anajijua). Jamaa hakuinua hata macho kwenye simu. "Mtu mzima vitatu, mtoto kimoja. Mama yako ni mtoto?" Nikacheka, nikanunua na pakiti nyingine ya akiba. Hadi leo namsikia akitafuna karanga zake.

Siku tatu za kwanza tulimshukuru Mungu, mama analala hadi jua linawaka. Siku ya nne ulimi ukawa mkavu, akiongea unausikia ukibanduka kwenye kaakaa. Haja kubwa hakuna. Haja ndogo anakaa chooni weee, anatoka na matone. Tukasema uzee. Siku ya sita jioni akaniita kwa jina la marehemu baba, akaniuliza kama mitumbwi imerudi. Tukasema majonzi. Kila kitu tulikipatia jina isipokuwa kidonge.

Usiku wa nane akaamka kwenda choo cha nje. Hii dawa inaweza kushusha presha mtu akisimama ghafla, hilo nalo sikulijua. Nikasikia kishindo, kisha ndoo inaviringika. Nilimkuta kizingitini, tochi bado inamulika ukuta, mguu wa kulia umegeukia nje na umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Nyonga. Rufaa hadi Mwanza, upasuaji, na injini ya mtumbwi niliyomaliza deni lake miezi miwili tu nyuma ikauzwa bei ya kutupa. Mama anatembea na gongo mpaka sasa. Kabla hamjanishukia humu, nimeshajitukana mwenyewe kwa Kiswahili na kwa Kiha, matusi yameisha, mwenye mapya alete.

Daktari aliyempokea hakuuliza habari ya ndoo wala kizingiti. Aliuliza, "Hii dawa aliandikiwa nani? Me au Ke? Miaka mingapi?" Nilipojibu akanyamaza, akageuza fomu akaanza kuchora. Ukizeeka maji ya mwili yanapungua na sehemu ya mafuta inaongezeka. Dawa nyingi za akili hupenda mafuta, zinajificha humo. Ini linazichambua taratibu, figo nazo zimepunguza kasi. Ni kama meli imefika bandarini, abiria wa jana hawajashuka na wa leo wanapanda. Na mpakiaji nilikuwa mimi, kila usiku saa tatu, na glasi ya maji. Kwa hiyo usiku ule mama hakuwa na vidonge vitatu mwilini, alikuwa na vitatu juu ya mabaki ya usiku uliotangulia.

Akanitolea mfano wa diazepamu, ile dawa ya kutuliza wasiwasi watu wananunua kama pipi. Kwa kijana wa miaka 20, nusu yake hutoka mwilini kwa takriban saa 20. Kwa mzee wa miaka 80 inaweza kufika saa 90. Karibu siku nne, kidonge kile kile! Wamarekani wana orodha inaitwa Beers, ilianza 1991, ya dawa za kuepuka kwa wenye miaka 65 na kuendelea. Amitriptilini imo, diazepamu imo. Yule mtafuna karanga wa duka la dawa hajawahi kuisikia.

Na hiyo Me/Ke kwenye kadi si pambo. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza wanawake wa umri wa kuzaa wasiingizwe kwenye majaribio ya mwanzo ya dawa, na ikageuza mwaka 1993. Kuna dawa ya usingizi inaitwa zolpidemu, iliruhusiwa kwao 1992. Mwaka 2013 ndipo wakashtuka na kusema ya wanawake ikatwe nusu, kutoka miligramu 10 hadi 5, maana miili yao inaitoa polepole, wanaamka asubuhi na kushika usukani dawa bado imejaa kwenye damu. Miaka 20! Kumbe mtafuna karanga ana wenzake waliovaa suti.

Ujana nao usikudanganye. Binamu yangu wa miaka 22 alichomwa haloperidoli, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, kesho yake shingo ikapinda na macho yakageukia juu. Shangazi akaita mganga. Kumbe ni sindano, na vijana wa kiume ndio hupatwa zaidi na hiyo hali. Hospitali wakampa dawa ya kuituliza, akanyooka. Mganga akachukua sifa na jogoo. Wazee kwa haloperidoli hiyo hiyo wao hukakamaa na kutetemeka.

Huyo binti ndiyo kabisa usimguse. Tangu 2004 dawa za sonona zina onyo kali Marekani kwa watoto na vijana, na mwaka 2007 likapandishwa hadi miaka 24, kwa kuwa mwanzoni zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua. Halafu wewe unataka kumpa iliyobaki ya mjomba wake wakati wa mitihani.

Kidonge cha akili hakiazimwi, mkuu. Ungeazima jembe, ungeazima hata baiskeli. Mpeleke mama mwenyewe, usipeleke pakiti kumwakilisha. Ukifika sema umri wake na dawa zote anazomeza, ya presha usiisahau, na kama macho au mkojo vinamsumbua sema pia. Akikuandikia mtu dozi bila kuuliza miaka, chukua kadi yako utoke. Mama yangu baadaye alianzishiwa dawa nyingine, dozi ndogo mno hadi nikadhani wanatutania. Akalala.

Kama umeshampa hata kimoja, usinijibu humu, mpeleke leo.

Halafu choo chenu kiko ndani au nje? Kama ni nje, usiku huu mmoja wenu alale karibu na mlango.