Kreatinini ya mama "iko kawaida": nimwamini nani?

*Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58 na kisukari anaishi nacho mwaka wa kumi na mbili sasa. Juzi kliniki walimpima figo, majibu yakaja kreatinini 106, na pembeni imechapwa kwamba kawaida ni 62 hadi 115. Akaambiwa yuko sawa. Mdogo wangu wa kiume, miaka 26, alipopimwa afya kwa ajili ya ajira naye alikuwa na 106 hiyo hiyo. Nikaingiza namba za mama kwenye vikokotoo vya simu: kimoja kikanipa 53, kingine 50, na nilipobonyeza "mweusi" kikaruka hadi 58. Nishike ipi?*
*Binti wa Mama Lishe, Korogwe*

Marahaba binti. Shika 53, ila usiikumbatie sana.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Misuli huitengeneza kila siku, figo huitoa kwa mkojo, na kinachobaki kwenye damu ndicho mashine ya maabara inachosoma. Sasa mdogo wako ana mapaja na mabega ya kijana wa miaka 26, anazalisha taka nyingi. Mama yako anazalisha kidogo. Wote wawili wakibaki na 106 kwenye damu, maana yake figo za mama zinatoa polepole zaidi. Nimekaa na kikokotoo changu (si kile cha mafao) nikatumia kanuni ya mwaka 2021 inayokadiria kasi ya figo kwa kreatinini, umri na jinsia: mama anapata 53, kijana 86. Hizo ni mililita za damu zinazosafishwa kwa dakika, zikishalinganishwa na ukubwa wa mwili. Ndiyo maana ile "62 hadi 115" iliyochapwa pembeni huwa inaniudhi: kipimo kimoja kwa bibi na kwa mbeba zege.

Hizo 50 na 58 zinatoka kwenye kanuni moja ya mwaka 2009. Ukibonyeza "mweusi" inazidisha jibu kwa 1.159, basi. Kizidisho hicho kilitokana na takwimu za Wamarekani weusi. Mwili wa Mzigua wa Korogwe haukuulizwa. Watafiti walipopima utendaji halisi wa figo za watu wa Uganda, Malawi na Afrika Kusini, matokeo yakachapishwa 2022, walikuta kanuni za kreatinini zinawapa watu figo nzuri kuliko walizo nazo, na kile kizidisho kiliongeza kosa. Kitufe hicho usikiguse tena.

Na hata 53 ni makadirio. Kwenye tafiti zilizoizaa kanuni yenyewe, karibu watu tisa kati ya kumi jibu lao liliangukia ndani ya asilimia 30 juu au chini ya ukweli. Kwa mama, ukweli unaweza kuwa arobaini na kitu au sitini na kitu. Kwa hiyo hatumwiti mtu mgonjwa wa figo kwa karatasi moja. Namba lazima ibaki chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, au mkojo uonyeshe kuwa protini inavuja. Arudie kipimo, na usiku wa kuamkia siku hiyo asile nyama, maana nyama iliyopikwa hupandisha kreatinini kwa saa kadhaa. Asiende akiwa ameharisha au na kiu ya jua kali. Halafu muulize kwa upole anameza nini kwa ajili ya magoti. Nawajua mama lishe wa stendi: kusimama tangu alfajiri, jioni diklofenaki, dawa ya maumivu ya duka la dawa. Hiyo peke yake inaweza kubana figo.

Lakini kinachonikosesha raha zaidi kwenye barua yako ni kwamba hujataja mkojo. Kisukari kina ujanja wake. Miaka ya mwanzo sukari huzifanya figo zichuje kupita kiasi, namba inakuja 120, kila mtu anafurahi, huku protini iitwayo albumini imeshaanza kuvuja. Kile kijiti kinachochovywa kwenye mkojo huonyesha alama moja ya kujumlisha protini ikifika takriban miligramu 300 kwa lita. Uvujaji wa mwanzo kinaupita. Omba uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo wa kwanza wa asubuhi. Chini ya miligramu 3 kwa milimoli ni salama, 3 hadi 30 ni onyo, zaidi ya 30 ni uvujaji mkubwa. Asipime akiwa na homa au maambukizi ya njia ya mkojo, na jibu likiwa baya lirudiwe, kwani albumini hupanda na kushuka.

Kama anameza metformini, ile dawa ya sukari, asiache. Kwa 53 hakuna sababu. Dozi tunaitazama upya ikishuka chini ya 45, na tunaiondoa chini ya 30. Mkojo ukionyesha uvujaji, daktari wake atazungumzia losatani, dawa ya presha inayolinda pia figo, au dawa ya jamii yake, hata kama presha si ya kutisha.

*Daktari, nina miaka 63, kisukari kilinikata mguu mmoja juu ya goti mwaka juzi na nimekonda sana. Majibu yanasema figo zangu ni 92. Nashukuru Mungu, au?*
*Mzee wa Kihonda, Morogoro*

Shukuru mzee wangu, ila 92 ichukulie kama dari. Umepoteza paja zima la misuli, na kanuni haijui. Inaona kreatinini kidogo inadhani figo zinafanya kazi nzuri. Mtu kama wewe anafaa kupimwa sistatini C, protini ya kwenye damu ambayo hutengenezwa na karibu seli zote za mwili na haitegemei misuli. Maabara kubwa za Dar es Salaam ziulizie, na kama unatumia dawa za tezi ya shingo au steroidi waambie, kwa sababu huivuruga. Usipoipata, kila unapoandikiwa dawa mpya inayotolewa na figo mwambie daktari kuhusu mguu, asipange dozi kwa kusoma 92 tu.